Chrysler 300C, Corvette au Thunderbird: Kuchagua Gari la Kasi la Marekani la Mwaka 1957

Anayetaka gari la kasi lililoundwa Marekani katika miaka ya 1950, awe anakusudia kulinunua na kulitunza huko huko Marekani au anataka tu kujua ni lipi linalostahili sifa linazopewa, afadhali aanzie mwaka 1957. Mwaka huo makampuni matatu makubwa ya Detroit, kila moja kwa njia yake, yalifikisha kileleni ushindani ulioanza mwaka 1949, pale Oldsmobile ilipoiweka injini yake mpya ya V8, yaani yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, katika bodi jepesi la modeli ya 88. Mwezi Juni 1957 chama cha watengenezaji wa magari wa nchi hiyo kikawashauri wanachama wake wajitoe katika mashindano na waache kutangaza magari kwa kutaja mbio na nguvu za injini. Kwa hiyo Chrysler 300C, Chevrolet Corvette na Ford Thunderbird za mwaka huo ni magari yaliyobuniwa wakati wahandisi walikuwa bado wanaruhusiwa kusema wazi kwamba wanatafuta ushindi.

Nitaeleza msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kwa hoja zinazofuata. Kila moja ya magari haya liliuzwa likiwa na injini za daraja mbalimbali, na watu wengi huikimbilia ile ya juu kabisa, kwa sababu ndiyo yenye sifa, uhaba na bei kubwa. Kwa mtu anayetaka kuliendesha gari lake, naamini kwamba katika magari yote matatu chaguo bora ni daraja moja chini ya kilele.

Lazima kwanza tuelewane kuhusu nguvu farasi. Tarakimu zilizochapishwa na viwanda vya Marekani wakati huo zilipatikana kwa kuipima injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, bila feni, bila kichujio cha hewa na bila egzosi ya barabarani. Utaratibu wa kupima injini ikiwa na vifaa vyake vyote ulienea nchini humo kuanzia mwaka 1972, na kwa kipimo hicho tarakimu za 1957 zingeshuka sana. Si haki, basi, kuchukua nguvu farasi 375 za Chrysler na kuzilinganisha na za gari la leo. Kati yao wenyewe, hata hivyo, magari haya yalipimwa kwa desturi moja, na tunaweza kuyalinganisha bila wasiwasi mkubwa.

Njia tatu za kuingiza hewa zaidi

Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta mengi zaidi, na haiwezi kuchoma mafuta mengi zaidi isipoingiza hewa ya kutosha. Wahandisi wa makampuni haya walilijua hilo kwa pamoja, wakachukua njia tatu zisizofanana, na tofauti ya tabia ya magari haya barabarani inaanzia hapo.

Chrysler ilitegemea umbo la chumba cha kuchomea mafuta. Tangu mwaka 1951 injini zake za V8 za FirePower, ambazo mafundi wanaziita Hemi, zilikuwa na chumba chenye umbo la nusu tufe. Valvu ya kuingiza na valvu ya kutoa zilielekeana kutoka pande mbili za chumba na plagi ikakaa karibu na katikati, hivyo valvu zingeweza kuwa kubwa, na hewa ikaingia upande mmoja na moshi ukatoka upande wa pili bila kupinda kona kali. Gharama yake ni uzito na ugumu wa kutengeneza, kwani kila kichwa cha injini kilihitaji mihimili miwili ya roka, yaani vikono vinavyosukuma valvu, badala ya mmoja. Katika 300C injini hiyo ilifikia inchi za ujazo 392, yaani lita 6.4, ikalishwa na kabureta mbili za Carter zenye matundu manne kila moja, na ikatoa nguvu farasi 375. Kulikuwa pia na toleo la nguvu farasi 390 lenye kamshafti (mhimili unaoamua valvu zifunguke lini na kiasi gani) kali zaidi na gia za mkono pekee, ambalo liliundwa kwa idadi ndogo sana.

Chevrolet haikuwa na injini kubwa kiasi hicho. V8 yake ndogo ilizaliwa mwaka 1955 ikiwa na inchi za ujazo 265, na kufikia 1957 ilikuwa imetanuliwa hadi inchi 283, yaani lita 4.6. Uzuri wake ulikuwa wepesi na uwezo wa kuzunguka kwa kasi kubwa bila kuvunjika. Mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyezaliwa Brussels kwa wazazi Warusi na kujiunga na General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, mwaka 1953 baada ya kuliona Corvette la kwanza kwenye maonyesho ya New York, aliibunia kamshafti ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Akiwa na mhandisi mwenzake John Dolza alishiriki pia kukamilisha mfumo wa injekta uliotengenezwa na kitengo cha Rochester. Mfumo huo ulitumia mitambo mitupu, bila umeme: kipimo cha hewa kilihisi wingi wa hewa inayopita, pampu iliyozungushwa na waya kutoka kwenye distribyuta ikasukuma petroli, na kila silinda ikapata nozeli yake. Matokeo yalikuwa nguvu farasi 283 kutoka inchi za ujazo 283. Wapo wanaodai kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la Marekani kufikia nguvu farasi moja kwa kila inchi ya ujazo, lakini dai hilo si la kweli, kwani Chrysler 300B ya mwaka 1956 iliweza kuagizwa ikiwa na nguvu farasi 355 kutoka inchi 354.

Ford ilichukua njia ya tatu. V8 yake ya inchi za ujazo 312, lita 5.1, ilikuwa injini ya kawaida iliyotumika pia katika magari yake ya familia, ikitoa nguvu farasi 245 ndani ya Thunderbird. Kwa anayetaka zaidi kulikuwa na toleo la kabureta mbili lenye nguvu farasi 270, na juu yake toleo lililofungwa supachaja ya McCulloch, yaani feni inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya kabureta. Hilo lilitangazwa kuwa na nguvu farasi 300, nalo liliingia katika Thunderbird zipatazo 200 tu kati ya 21,380 zilizoundwa kwa modeli ya mwaka huo.

Injekta ya Rochester inastahili heshima, na upande wake mmoja ni wa thamani sana katika kona: kwa kuwa hakuna bakuli la petroli kama la kabureta, injini haikosi mafuta gari linapolala upande. Hata hivyo, petroli yenye uchafu kidogo huziba nozeli, injini yenye joto kali huwa nzito kuwaka tena, na tangu wakati ule mafundi walioielewa walikuwa wachache kiasi kwamba wamiliki wengi waliing'oa na kufunga kabureta. Corvette la 1957 lenye kabureta mbili linatoa nguvu farasi 270, pungufu kwa 13 tu, na fundi yeyote mwenye subira anaweza kulirekebisha. Kwa Thunderbird hoja ni ileile: toleo la nguvu farasi 270 linakosa sauti ya supachaja, lakini linakosa pia mikanda, feni na mafuta ya ziada ya kushughulikiwa. Kwa Chrysler, zile nguvu 15 za ziada za toleo la 390 zinakunyima gia ya otomatiki, ambayo nitaonyesha kwamba ndiyo fahari ya gari lenyewe.

Uzito, gia na mwendo

300C ni gari kubwa kweli. Umbali kati ya ekseli zake ni inchi 126, yaani mita 3.2, na uzito wake unakaribia kilo 1,900. Thunderbird na Corvette yana umbali uleule wa inchi 102 kati ya ekseli, lakini Corvette, ambalo bodi lake ni la faibaglasi, lina uzito wa kilo 1,300 hivi, ilhali Thunderbird la bodi la chuma linapita kilo 1,400. Ukigawanya uzito kwa nguvu farasi, kila nguvu farasi moja ya Corvette la injekta inavuta kilo 4.6, ya Thunderbird la supachaja kilo 4.8 hivi, na ya 300C kilo 5.1. Lakini Thunderbird la kawaida la nguvu farasi 245 linafika karibu kilo 5.9, na hapo msomaji anaona kwamba gari zuri lenye nembo ya Thunderbird si lazima liwe gari la kasi.

Jarida la Road & Track lililipima Corvette la injekta lenye gia nne na kupata sekunde 5.7 kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, ambazo ni sawa na kilomita 97. Kwa wakati huo lilikuwa jambo la kushangaza, hata ukiliweka karibu na magari ya michezo ya Ulaya yaliyouzwa kwa bei kubwa zaidi. Mnunuzi akumbuke, hata hivyo, kwamba giaboksi ya gia nne ya Borg-Warner ilianza kuuzwa katikati ya mwaka huo wa uzalishaji, kwa hiyo Corvette nyingi za 1957 zina gia tatu za mkono au otomatiki ya Powerglide yenye gia mbili. Ile ya gia mbili inaiua tabia ya injini, na singependekeza mtu ainunue kwa sababu ya rangi nzuri au bei ya chini.

Kwa Chrysler ni kinyume. Otomatiki yake ya TorqueFlite yenye gia tatu, inayoendeshwa kwa vitufe vilivyo kushoto mwa usukani, ilikuwa bora kuliko otomatiki nyingine za Marekani za wakati huo, na inaendana na injini yenye msukumo mkubwa ambayo haihitaji kuzungushwa sana. Ukiwa kwenye barabara kuu, ukikanyaga mafuta kwa kasi ya maili 60, gari linaondoka bila kelele na bila kuhangaika, jambo ambalo Corvette lenye kamshafti kali haliwezi kulifanya kwa utulivu huo. Jambo moja la tahadhari: vitufe vya mwaka 1957 havina nafasi ya kufungia gari lililoegeshwa, na breki ya mkono inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi, si magurudumu. Kwenye mteremko weka gogo au jiwe chini ya tairi.

Kona na breki

Hapa ndipo wapenzi wengi wa magari haya hawapendi kuambiwa ukweli. Magari yote matatu yana breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na mfumo wa mafuta ya breki ni wa njia moja. Bomba moja likipasuka, breki zote zinapotea; masta silinda ya njia mbili, yaani pampu kuu ya breki inayogawa mafuta katika mikondo miwili, ilikuja kuenea katika magari ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1967. Dramu zikipata joto baada ya kusimamisha gari mara kadhaa kutoka kasi kubwa, uwezo wake hupungua haraka. Chrysler ililijua tatizo hilo, ndiyo maana chini ya taa za mbele za 300C kuna matundu ya mstatili yanayopeleka hewa kwenye breki za mbele. Chevrolet nayo iliuza kifurushi cha mashindano chenye bitana za breki za mchanganyiko wa kauri na chuma, dramu zenye mapezi na springi ngumu zaidi, lakini magari yaliyokipata hayafiki mia moja. Corvette la kawaida lina breki za kawaida, na wepesi wake ndio unaoliokoa.

Katika kona, ushindi wa Corvette uko wazi, ingawa si kwa sababu ya mitambo ya kisasa. Mfumo wake wa mbele unatokana na ule wa magari ya Chevrolet ya familia yaliyotangulia mwaka 1955, wenye kingpini (pini nene ambazo magurudumu ya mbele hugeukia), na nyuma kuna ekseli nzima juu ya springi za vyuma bapa. Kilicholifanya lishike barabara ni wepesi, kimo kidogo na kazi ya Duntov ya kurekebisha pembe za magurudumu na springi. Mwezi Machi 1957, katika mbio za saa 12 za Sebring huko Florida, Corvette lililoendeshwa na Dick Thompson na Gaston Andrey lilimaliza nafasi ya 12 kwa jumla na la kwanza katika daraja lake. Hilo lilikuwa gari la aina iliyouzwa madukani, na matokeo hayo yanabeba uzito kuliko tangazo lolote.

300C linashangaza kwa ukubwa wake. Mwaka 1957 Chrysler iliacha springi za mviringo za mbele na kutumia vyuma virefu vinavyojisokota, ikaliteremsha gari chini, na matokeo yalikuwa gari la karibu tani mbili linalolala kidogo katika kona na kufuata usukani kwa utiifu ambao magari makubwa ya washindani hayakuwa nao. Thunderbird lilibuniwa kwa starehe, na ingawa ekseli zake ziko karibu kama za Corvette, springi zake laini zinaonyesha kwamba Ford ilimfikiria mtu anayesafiri vizuri na mwenzake, madirisha na viti vikisogezwa kwa umeme akitaka kulipia. Mimi sioni aibu katika hilo. Kwa safari ya siku nzima nisingependa kukaa ndani ya Corvette.

Kilicho chini ya rangi

Bei za 1957 zinatoa picha ya nani alikusudiwa: Corvette lilianzia dola 3,176, Thunderbird dola 3,408, na 300C la paa gumu dola 4,929. Mfumo wa injekta uliongeza dola 484 kwenye Corvette, na gia nne dola 188. Leo mpangilio wa bei hautegemei tena kiwanda bali uhalisi wa gari, na hapo mnunuzi anahitaji macho makali.

Kwa Thunderbird uchunguzi ni rahisi kuliko kwa mengine. Herufi ya kwanza ya namba ya gari inataja injini iliyofungwa kiwandani: C ni ile ndogo ya inchi 292, D ni ile ya nguvu farasi 245, E ni ya kabureta mbili, na F ni ya supachaja. Gari lenye herufi D lililofungwa supachaja baadaye linaweza kuwa gari zuri, lakini si gari la F na halipaswi kulipiwa kama F. Namba ya gari ya Corvette haikuambii injini, na kati ya magari 6,339 ya mwaka huo ni 1,040 tu yaliyotoka na injekta, kwa hiyo kishawishi cha kulivalisha gari la kabureta vazi la injekta ni kikubwa mno. Hiyo ni sababu nyingine ya kununua toleo la kabureta mbili, ambalo watu hawana haja kubwa ya kulighushi.

Bodi la faibaglasi halioti kutu, lakini chasisi ya chuma iliyo chini yake inaota, na ufa uliozibwa vibaya hurudi juu ya rangi. Thunderbird linaoza kwenye sakafu na kingo za chini za milango. Injini yake ina udhaifu mmoja unaojulikana: njia inayopeleka oili juu kwenye roka huziba kwa uchafu, na injini iliyopuuzwa huanza kugonga kutoka juu. Fungua kifuniko cha valvu injini ikiwa inaunguruma, uone kama oili inafika.

300C ndilo la kuogopewa zaidi. Chrysler iliharakisha modeli zake za 1957, na mabodi ya mwaka huo yalipata sifa mbaya ya kuvuja maji na kuoza mapema, hata sehemu zinazoshika vile vyuma vya kujisokota. Yaliundwa 1,918 ya paa gumu na 484 ya paa la kukunja, na mapambo yake ya pekee ni ya kusaka kwa udi na uvumba. Zaidi ya hayo, injini ya inchi 392 ilipendwa mno na waendeshaji wa mbio za robo maili, akiwemo Don Garlits, na Hemi nyingi zilichomolewa kutoka kwenye magari yaliyokuwa bado mazima. Hakikisha injini iliyomo ni ya gari hilo. Spea za Corvette na Thunderbird, kwa upande mwingine, zinatengenezwa upya kwa wingi, na V8 ndogo ya Chevrolet pengine ndiyo injini rahisi kuliko zote kupatiwa vipuri nchini Marekani.

Wale walio nje ya watatu

Nisingependa kuwaacha wasomaji wenye fedha kidogo. Rambler Rebel la 1957, lililoundwa magari 1,500 tu, ni sedani ya milango minne yenye V8 ya inchi 327 na nguvu farasi 255 ndani ya bodi jepesi, na lina mbio ambazo umbo lake halizitangazi. Studebaker Golden Hawk la 1957 lina supachaja ya McCulloch na nguvu farasi 275, na umbo lake kwangu ni zuri kuliko la Thunderbird. Oldsmobile la mwaka huo lenye kabureta tatu za J-2 linatoa nguvu farasi 300, ila kabureta za mbele na nyuma hufunguka tu ukikanyaga mafuta sana, na zikikaa bila kutumika huganda. Hudson Hornet la mwanzoni mwa muongo, lenye silinda sita na valvu za pembeni, lilishinda mbio 27 kati ya 34 za NASCAR, mashindano makubwa ya magari ya Marekani, mwaka 1952, hasa kwa sababu sakafu yake iliyoteremshwa ndani ya fremu ililiweka chini kuliko washindani. Kwa kona ni gari la kuheshimiwa mno, ingawa umeme wake ni wa volti 6.

Mwenye nafasi ya gari moja tu la zamani, anayetaka kubeba familia na kusafiri mbali, achukue 300C la nguvu farasi 375 lenye otomatiki, mradi kwanza liinuliwe juu na chuma cha chini kigongwe kwa nyundo. Mwenye gari jingine la shughuli za kila siku, anayetaka kuendesha kwa ajili ya kuendesha, achukue Corvette la nguvu farasi 270 lenye gia nne. Thunderbird la herufi E ni la yule anayetaka utulivu wa gari la kutembelea pamoja na nguvu ya kutosha kupita malori, na asidanganywe kuongeza fedha kwa ajili ya F isipokuwa anakusanya kumbukumbu za historia. Lolote atakalochagua, mabomba na mipira ya breki ibadilishwe yote kabla ya safari ya kwanza, hata kama muuzaji anasema ilibadilishwa mwaka jana.